Maji Yalifika Wapi

Jumapili, 5 Machi

Mdogo wangu,

Kabla sijakuuliza hali, nikuulize tanuri: umelifunika? Haya, sasa u hali gani?

Huku tunashukuru. Mpwa wako bado yuko kitandani kwa amri ya mkunga mpaka ajifungue. Haruhusiwi kunyanyua hata sufuria, kwa hiyo kazi zote kaziachia ulimi, na ulimi haujalalamika. Mume wake mtu mwema sana, ila akipika uji hujui uule kwa kijiko au kwa kisu. Ndiyo maana siwezi kurudi sasa. Na simu huku haishiki mtandao mpaka upande juu ya tangi la maji, na umri wangu wa kupanda matangi umeshapita. Dereva wa lori la unga amekubali kutubebea barua. Basi tuandikiane.

Nataka kukushukuru kwa kubaki na nyumba yangu. Unajua nilivyoijenga tangu nilipofiwa na mume, mkate kwa mkate, na sina kingine duniani zaidi ya nyumba hiyo na huyu binti. Nashukuru pia kwamba hujanung'unika kulala kile chumba cha nyuma kinachopakana na jiko. Wewe ni mtu mzima, una kazi yako, ungeweza kupanga kwako.

Dereva ananiambia watu wa baraza la mji wanakuja kupanga namna ya kuukinga mtaa na mafuriko, na eti safari hii wenyeji ndio watakaoulizwa. Jambo jema. Tangu mwaka jana, kila wingu likipita hapa juu najiuliza kama linaelekea kwenu. Wewe ndiye macho yangu huko. Wakiuliza kuhusu nyumba yangu, wajibu.

Dada yako

*

Ijumaa, 17 Machi

Dada,

Tanuri limefunikwa, limefungwa kamba, na juu yake nimeweka ndoo. Atakayeliiba ana mgongo wa tembo. Mwache, kalipata kwa jasho lake.

Sasa kaa chini nikupe habari, maana mdogo wako ni mtu mkubwa siku hizi. Baraza la mji limeniajiri! Mimi, mchora mabango wa bei za viazi! Kaja afisa mipango, mama mmoja mwembamba mwenye kofia pana, tumeshampa jina: Bibi Mipango. Anasema wana fedha za kuchimba mtaro mkubwa wa kupitisha maji ya mvua, lakini kwa sasa zinatosha sehemu moja tu. Ama mtaa wetu wa chini, ama mtaa wa juu. Wataanza pale ambapo maji yanawaumiza watu zaidi. Na badala ya wao kukaa ofisini wakikisia, kila mwenye nyumba aonyeshe ukutani maji ya mwaka jana yalifika wapi, na mimi nipake mstari wa rangi papo hapo. Kisha wanapima mistari, wanachora ramani.

Nikachukua kopo na brashi. Nyumba ya kwanza, kwa mwenyekiti wa mtaa. Akainama, akaonyesha kwenye kifundo cha mguu. "Hapa." Nikamtazama. Akanitazama. Nikapaka. Kwa Kinyozi, nusu ya ugoko. Mama Mapacha kaonyesha magotini, na kwa siku ile huyo ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote.

Kumbe uvumi ulikuwa umenitangulia. Dada, unajua mwenyewe rangi ya serikali ukutani hufuatwa na nini. Hufuatwa na tingatinga. Watu wakasema: mwenye mstari wa juu ndiye atakayeambiwa nyumba yako ni hatari, hama, na akihama hatalipwa hata msumari.

Nilipofika kwetu hapakuwa na wa kuonyesha ila mimi. Nikafikiri, nikasema moyoni, dada yangu kaniachia nyumba, nikamkabidhi kifusi? Nikainama nikapaka chini kabisa, juu kidogo ya kizingiti. Paka akipita kwenye maji hayo halowi tumbo. Nimekuokolea nyumba, dada! Wala usinishukuru sana, nitaona haya.

Mkutano wa kuidhinisha ramani ni Jumamosi, tarehe mosi, kwenye darasa la shule. Mwenyekiti amesema waje wenye nyumba tu, wapangaji wana mengi.

Ila nikwambie kitu kimoja kilichonikera kidogo. Bibi Mipango alisimama njiani akitazama mistari yetu, akasema, "Kumbe huku mlikuwa na afadhali." Mtaa wa juu nasikia wao wamepaka madirishani.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 23 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka. Nikaisoma mara ya pili nikaacha kucheka.

Asante. Nalisema hilo kwanza kabla ya ugomvi, kwa sababu najua ulipoinama na brashi yako ulikuwa unanipenda.

Sasa ugomvi. Ninyi watu mmerogwa? Kama mtaa mzima tulilowa vifundo, mtaro tuchimbiwe wa nini, wa kunawia miguu? Mvua ijayo utaionyesha ule mstari wako, uiambie ishia hapo, ndipo tulipokubaliana na baraza? Mtaa wa juu walipata maji na wao, sikatai, bustani zao ziliharibika na magari yao yalizimika. Wamesema yao na hawakuona aibu. Sisi tuliopoteza vitanda ndio tunaojidai wakavu.

Usidhani siogopi. Nyumba yangu ndiyo iliyo chini kuliko zote, najua, na ukweli ukisemwa pengine tingatinga litaanza kwangu. Nimelia kidogo, binti akauliza nini, nikamwambia kitunguu. Lakini nikiiokoa nyumba kwa uongo halafu maji yaje yakukute umelala humo ndani, nitakuwa nimeokoa nini?

Sikuamrishi ubadilishe mstari. Nakuomba jambo dogo. Baada ya mafuriko niliitwa huku haraka, sikumshukuru mtu hata mmoja sawasawa, na limenikaa rohoni. Nina salamu za watu. Unakumbuka mama alivyotufundisha: salamu za watu hazifikishwi nusu. Basi zifikishe pale mkutanoni, kwa sauti, neno kwa neno, kila mtu akiwepo.

Msalimie Kinyozi. Siku ile wewe ulikwama kazini upande wa pili wa mji, na namshukuru kwa kuvunja wavu wa dirisha akanitolea hapo, kwa kuwa mlango wangu ulikuwa umezama mpaka kitasani na haukukubali kufunguka. Mkono wake nasikia bado una kovu. Mungu amlipe.

Msalimie Mlingoti, msukuma mkokoteni, anayepanga chumba uani kwa mwenyekiti. Alinibeba mgongoni kutoka dirishani mpaka barabara kuu, na maji yalikuwa kifuani kwake, yeye ambaye akiingia kwangu kununua mkate huinamisha kichwa. Nilikuwa namnyonga shingo kwa hofu na hakusema neno. Mwambie simsahau.

Msalimie Mama Mapacha. Aliwapandisha watoto wake juu ya kabati, akasimama majini kutwa nzima akiwashika miguu. Maji yalipopungua, godoro lililokuwa juu ya kabati ndilo pekee lililokuwa kavu mtaani, na akanilaza mimi. Mimi! Sina cha kumlipa.

Na msalimie mwenyekiti wetu. Namshukuru kwa ile filimbi. Alikaa juu ya paa la choo chake akipuliza mpaka midomo ikavimba, na bila yeye waokoaji wasingejua kama huku chini kuna watu.

Ukinipenda, usiruke hata mmoja.

Dada yako

*

Jumapili, 2 Aprili

Dada yangu, wewe ni mtu hatari.

Barua imenifikia Ijumaa jioni. Niliisoma nikaelewa umenitega, nikaamua siendi mkutanoni. Asubuhi nikavaa shati, nikaenda.

Darasa limejaa, tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga videvu. Wapangaji wamesimama nje madirishani. Bibi Mipango katandaza ramani ubaoni, mtaa wetu wote umepakwa rangi ya nyasi, maana yake salama. Anasema kwa huzuni kidogo kwamba kwa vipimo hivi mtaro utaanza mtaa wa juu, na kama hakuna mwenye neno tupige kura. Kila mtu anatazama dawati lake.

Nikasimama. Nikasema, mimi sina neno langu, nina salamu za dada kutoka safarini. Mwenyekiti akasema salamu ni baada ya mkutano. Nikamwambia zako zimo. Akakaa.

Mjumbe hauawi, nikaanza kusoma. Kwa Kinyozi nilisoma vizuri. Nilipofika kwa Mlingoti ikabidi aitwe, maana salamu hupewa mwenyewe, na huwezi kumsalimia mtu kupitia dirishani kama mfungwa. Akaingia, akainamisha kichwa mlangoni, wenzake wakaingia nyuma yake, na hakuna aliyewaambia rudini. Niliposema maji yalikuwa kifuani kwake watu wote wakamtazama kifua. Dada, yule mtu ni mrefu! Bibi Mipango akavua kofia.

Kwa Mama Mapacha nilifika kwenye lile godoro. Yeye mwenyewe akanyanyuka akasema, "Basi, yatosha. Nimesema magotini. Hivi mimi niliwapandisha wanangu juu ya kabati kwa kuogopa maji ya magotini?" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na wanawake watatu wakalia naye. Nikamalizia salamu za mwenyekiti. Mtu mmoja kutoka nyuma akapaza sauti: "Kifundo cha mguu kipi hicho, mwenyekiti, cha juu ya paa la choo?" Darasa lilivunjika mbavu. Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasimama, akasema kwa upole, "Niliogopa. Nina wajukuu ndani ya nyumba ile."

Bibi Mipango akauliza kwa nini hatukumwambia. Kinyozi akamjibu bila kumung'unya: "Mama, kwetu serikali ikipaka ukuta, wiki ya pili inaubomoa." Bibi Mipango akasema kosa ni lake, alileta rangi kabla ya kuuliza rangi inamaanisha nini kwetu. Akaahidi mbele ya wote, na akaiandika na kutia sahihi, kwamba hakuna ukuta utakaoguswa bila mwenyewe na mpangaji wake kukubali.

Mchana ule ule tulirudia. Safari hii watu walinivuta mkono: njoo kwangu, paka hapa. Wapangaji wa uani nao walionyesha kuta zao, na kule uani ndiko kulikokuwa kubaya, ramani ya kwanza haikuwa nako kabisa. Kwetu nilipaka mwenyewe. Nilipaka juu ya kitasa, dada. Mlingoti alisimama pembeni kunipa kipimo.

Kura wamepiga. Mtaro unaanza kwetu, na mtaa wa juu watafuata fedha zikipatikana. Lakini ulilosema ni kweli: nyumba iliyo chini kuliko zote ni yako. Wahandisi wanakuja kuchora njia. Tusubiri. Watu wote wanakusalimia, na Mama Mapacha anasema lile godoro hakukukopesha, kwa hiyo acha habari za malipo.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 29 Aprili

Dada,

Haraka haraka, dereva ananipigia honi. Nyumba imepona! Mtaro utapita nyuma ya nyumba zetu. Kwako utagusa ukuta wa nyuma kidogo tu, si jambo la kukunyima usingizi. Tanuri halisogei hata shubiri. Kula vizuri, mlee mpwa wangu, na usiulize maswali mengi.

Mdogo wako

*

BARAZA LA MJI
Ofisi ya Mipango
Jumatano, 3 Mei

Kwako Mama Muoka Mikate,

YAH: KIBALI CHA KUPITISHA MTARO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wahandisi walipendekeza njia iliyonyooka, ambayo ni rahisi zaidi. Njia hiyo ingepita katikati ya nyumba yako na kuiondoa yote, pamoja na tanuri, kwa fidia. Tuliipeleka mkutanoni kama tulivyoahidi. Wenyeji waliikataa kwa kauli moja. Walisema mtaa wote hauwezi kukauka kwa kubomoa nyumba ya mtu mmoja, tena mtu huyo hayupo. Walipendekeza mtaro upinde, upite nyuma ya safu nzima, na kila nyumba itoe kipande cha uani. Mwenyekiti atatoa choo chake, na baraza litamjengea kingine. Kinyozi atatoa banda la kuku. Wapangaji wa uani watajengewa vyumba upande wa juu kabla havijabomolewa vya sasa, na watatulinda tusisahau, kwani watatu kati yao wamo katika kamati ya kusimamia mtaro.

Kwako, kipande hicho kinaangukia ama jiko la tanuri, ama chumba cha nyuma. Mdogo wako alisema chumba ni chake na amekitoa. Hata hivyo nyumba ni yako, na naomba kibali chako kwa maandishi.

Hapa barua ya ofisi ingeishia. Naongeza kwa mkono wangu. Mama, nimepanga mitaa mingi na sijawahi kukutana nawe, lakini salamu zako zimenifundisha kazi. Sasa popote ninapokwenda, kabla ya kuuliza maji yalifika wapi, nauliza siku ile nani alimsaidia nani. Watu hawakosi jibu. Nakushukuru sana.

Wako,
Afisa Mipango

*

Jumatano, 10 Mei

Mdogo wangu,

Ukuta wa nyuma kidogo tu! Wewe mwongo wa mchana kweupe, mwana wa mama yangu!

Bibi Mipango ameniandikia. Chumba chako chote ndicho kinachokwenda. Pale ulipo na kitanda chako, makopo yako ya rangi, na ile meza uliyoitengeneza mwenyewe ikapinda. Uliulizwa uchague kati ya jiko langu na chumba chako, ukachagua kabla hawajamaliza swali. Wala hukunitajia.

Nimekaa na barua ile nusu siku. Nilipoandika mara ya kwanza nilisema "nyumba yangu", nikarudia na kurudia, na wewe miaka yote hii ulikaa humo kama mgeni aliyepewa kona. Watu walikataa nyumba yangu kubomolewa. Mtu na choo chake, mtu na kuku wake, mtu na chumba chake. Sijui nimshukuru nani nimwache nani, maana nikianza sitamaliza, na wewe ndiye utakayechoka kusoma mkutanoni.

Kibali nimetoa. Nimeweka sharti moja, na sharti hilo ni lako: hama leo uingie chumba changu. Kile kikubwa, chenye kitanda kipana. Usiniletee habari za kulala sebuleni. Nitakaporudi tutagawana tukijua tunagawanaje, na pale uani patakapobaki tutaongeza chumba. Nyumba ni yetu. Nimeshamwambia binti, na yeye kasema alidhani siku zote ilikuwa yetu.

Halafu, mjomba mtu, umepata mjukuu! Alfajiri ya leo. Msichana, mzima, na mama yake mzima, anaongea bila kituo. Mkunga amecheka, mkwe amelia, mimi nimefanya vyote viwili. Nitakaa nao mpaka mtoto achangamke.

Kitanda changu kina godoro zuri. Lilalie.

Dada yako

*

Jumatano, 8 Novemba

Dada,

Mvua imekuja.

Najua huko umeiona inaelekea huku na roho imekuruka, ndiyo maana nimemkimbilia dereva asiondoke kabla sijaandika. Ilianza jana jioni. Ni mvua ile ile, dada, ya kupiga bati kama mtu anamwaga kokoto, na haikupumzika mpaka leo asubuhi.

Asubuhi nikasikia mlango unagongwa kwa ngumi. Nikaruka, nikafungua, nakuta Kinyozi, Mama Mapacha na wanawe, Mlingoti, mwenyekiti na filimbi shingoni, wote wamelowa, wote wananitazama usoni. Kinyozi akasema, "U hai?" Nikauliza kwani kumetokea nini. Wakaniambia walikuwa nje tangu kabla ya mapambazuko wakiuangalia mtaro. Maji yamekuja mengi, yamejaa karibu na ukingo, yamepinda pale nyuma kwetu palipokuwa chumba changu, yakaenda zake mtoni. Hakuna nyumba iliyoingia maji, wala kwa wapangaji. Wakawa wanahesabiana mlango kwa mlango, wakaona kwetu tu hakuna mtu aliyetoka, wakaingiwa na hofu.

Dada, tangu utoto wetu mvua ikinyesha mimi sijawahi kufumba jicho. Unajua, tulikuwa tunakaa wote kitandani na mama, viatu mikononi, tunasikiliza. Mtaa mzima ndivyo ulivyokuwa.

Nikawaambia ukweli, wakanicheka mpaka watoto wakakaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimelala, dada. Mvua yote ile, na mimi nimelala.

Mdogo wako